Sipigi Honi

Onofre, saa nne usiku wametufungulia mji.
Tangu saa kumi na moja tulikuwa kituo cha mafuta,
malori sitini, pua kwa mkia,
maana sheria inayajua malori kwa urefu,
haiyajui maua kwa kiu.
Nimebeba ya makaburini, sanduku mia tisa,
meupe na ya manjano.
Kesho São Paulo nzima inakwenda kuwasalimu wafu wake.

Wametuachia wote kwa pamoja,
kama mtu aliyebomoa tuta kisha akashangaa mafuriko.
Sasa tumesimama kando ya Tietê,
mto ulionyooshwa kwa saruji hata ukasahau kupinda.
Kapibara watatu wanatafuna nyasi ukingoni,
wanatutazama jinsi mwenye nyumba anavyomtazama
mgeni asiyejua kuaga.

Gia ya kwanza. Hatua kumi. Breki.
Gia ya kwanza. Hatua nne. Breki.
Goti langu la kushoto, lile la klachi,
limenizidi umri miaka ishirini.

Haraka haina baraka, husema waliokwisha kufika.

Ng'ambo ya barabara wenye magari madogo wanakimbilia pwani,
nao wamekwama, wamekwisha kuvaa kaptura,
mbwa wao katoa kichwa dirishani
anaonja moshi wetu.

Zulmira yupo bado. Anapita kati ya magurudumu
na chupa zake mbili za kahawa,
mifuko ya plastiki kaifunga miguuni kwa sababu ya mvua.
Kahawa yake ile ile, sukari ya kuulia nyuki.
"Maua ya nani?"
"Ya watu."
"Basi nipe lililovunjika shina."
Nikampa. Akalichomeka kwenye mkono wa chupa,
akaenda zake akiita wateja.
Hakukutaja. Mimi pia sikukutaja.

Ilikuwa hapa, Onofre, kwenye kilomita ya kumi na tisa,
mwaka juzi, jua la saa nane.
Nilikuwa nyuma yako, nikisoma kwa mara ya elfu
maneno ya bamba lako la nyuma:
MKE WANGU ANAIJUA SAA YA KUONDOKA TU.
Safu ikasogea. Wewe hukusogea.
Nikapiga honi.
Nyuma yangu akapiga mwingine, na mwingine,
mpaka barabara nzima ikawa koo moja.
Dakika kumi na moja tulikutukana,
wewe, mama yako na timu yako ya mpira.
Nikashuka na spana mkononi. Ndiyo, spana. Leo nakiri.
Nilikukuta umekaa wima, mkanda umefungwa,
redio inatangaza kona,
na kahawa kwenye kifuniko ingali na uvuguvugu.

Tangu siku hiyo honi yangu ni mzima, ila haina kazi.

Usiku huu, mbele yangu, lori la vigae.
Safu imesogea, lenyewe limetulia.
Wa nyuma wameanza. Unawajua, wameanza na mama yangu.
Nikavuta breki ya mkono, nikashuka mvuani,
mikono mitupu,
na kutoka mlango wangu mpaka mlango wake
sikuwahi kutembea mbali namna ile.
Nikagonga.
Nikagonga tena.
Kijana kazinduka, mate shavuni,
"Radhi, mzee, tangu Curitiba sijafumba jicho."
Nikamwambia hakuna neno.
Nikataka kumwambia mengine, ulimi ukagoma,
nikampiga piga mlango, kama mtu anavyompapasa ng'ombe,
nikarudi.

Gia ya kwanza. Hatua sita. Breki.

Nimekuwekea sanduku moja nyuma ya kiti,
ya manjano, meupe uliyaita maua ya hospitali.
Ila kaburi lako liko Itapevi, Onofre,
na Itapevi iko upande wa pili wa foleni.